Darasa la vijana la kujikinga na tumbaku hapa Kirumba: ni zuri, ila hela ya kuliendesha itoke kwenye sigara zenyewe

Nianze na nyota ili asiye na muda aondoke na jibu lake: nne kati ya tano. Hiyo moja iliyobaki sijawanyima walimu, walimu wanajitahidi mno, nimeibakiza kwa sababu ya hela, na nitasema hela gani maana huko ndo kwenye mambo.

Huduma yenyewe iko hivi. Jumamosi asubuhi kuna darasa la vijana wa kuanzia darasa la tano mpaka kidato cha nne, wanakutana kwenye chumba cha shule ya msingi ambacho wikendi hakina watu, huku Kirumba upande wa kushukia Mwaloni, pale mitumbwi ya dagaa inapoegesha. Wanafundishwa kujikinga na tumbaku ya kila aina, sigara, ugoro, kuberi ya kuweka mdomoni, shisha na hizi vepu, sigara za umeme zenye harufu ya matunda ambazo vijana wa mjini wameanza kutembea nazo. Walimu ni vijana wa hapa hapa Mwanza, yupo dada mmoja nesi, wengine wamemaliza chuo wanasubiria ajira, wote wanajitolea. Siwataji majina maana hawajaniomba niwatangaze. Mimi nina kibanda cha miamala ya simu karibu na soko la dagaa, wanangu wawili wanaenda hapo, mkubwa yuko kidato cha pili na mdogo wake darasa la sita, na mara nyingi nikipata wa kunishikia kibanda nakaa nyuma ya darasa nasikiliza, kwa hiyo ninachoandika nimekiona kwa macho.

Mtu anayeishi mbali na mwalo anaweza asielewe kwa nini wazazi wa huku tunahitaji kitu kama hiki. Mitumbwi ya dagaa inaingia alfajiri, na watoto wadogo kabisa wanashuka kubeba ndoo, kuanika, kusukuma mkokoteni, wanalipwa hapo hapo hela mkononi kabla hata ya kengele ya shule. Sasa fikiria mtoto wa miaka 13 ana elfu mbili mfukoni, ana baridi ya ziwani, amezungukwa na wanaume wazima wanaovuta, na hatua chache mbele kuna mtu na sinia lake, pipi, karanga, kiberiti, na sigara zinauzwa moja moja kwa bei ya andazi. Hakuna anayemuuliza umri. Sheria ya tumbaku tunayo tangu 2003 na inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, lakini pale kwenye sinia nani ataisimamia, yaani mara nyingine hata muuzaji mwenyewe ni mtoto.

Nilichokipenda kwanza kabisa, hawawatishi watoto. Nilitegemea mapicha ya mapafu meusi na hotuba ndefu kama zile za semina za shuleni ambazo mtoto anatoka akicheka. Hapana. Nesi alituambia wazazi kwamba ukimwambia mtoto wa miaka 14 kuhusu kansa atakayoipata akiwa na miaka 55 unamwambia habari za mtu mwingine kabisa, kwa hiyo yeye anaanza na leo, pumzi ikikata mpirani, harufu ya mdomo, vidole, hela, na jinsi nikotini inavyoushika ubongo ambao unaendelea kukua mpaka kwenye miaka 25 hivi, ndo maana aliyeanza mdogo anateseka zaidi kuacha. Akasema Marekani walivyofuatilia wavutaji wa kila siku walikuta karibu 9 kati ya 10 walionja ya kwanza kabla hawajafika 18. Maana yake mtoto ukimvusha ile miaka akiwa hajaanza, umemaliza sehemu kubwa sana ya kazi. Hiyo hoja imenikaa kichwani.

Halafu kuna igizo, na hapa ndo wanapowashinda wote niliowahi kuwaona. Mwalimu mmoja anajifanya braza wa mwaloni, kofia, mikono mfukoni, anamfuata dogo anamwambia "shika pafu moja uondoe baridi, au we bado mtoto?" Na dogo anatakiwa ajibu bila kukimbia, bila kutukana, bila kuonekana mshamba. Wanarudia na kurudia. Mara ya kwanza wanacheka tu, wengine wanaishia kusema "mama atanipiga" na darasa zima linalipuka, ila taratibu wanapata maneno yao wenyewe. Kuna kijana mmoja mpole sana, huwa haongei, alijibu "kaka mi nawahi ndoo yangu, nikivuta nitaanza kukohoa njiani mtanicheka" akaondoka zake anatembea polepole kabisa, na wenzake wakampigia makofi. Mwalimu akawaambia hilo ndo jibu, umekataa, hujamvunjia mtu heshima, na umeondoka eneo la tukio. Jumatatu mwanangu alinihadithia kwamba watoto wanafanyiana lile igizo shuleni wakati wa mapumziko. Kitu kikifika hapo kimeshaingia.

Suala la wazee wamelishika kwa adabu pia. Binti mmoja aliuliza mbona bibi yangu anatumia ugoro na amefika miaka 80, na swali kama hilo hapa Usukumani ukilijibu vibaya umemtukanisha mtoto na nyumba nzima. Nesi hakumsema bibi. Alimwambia bibi yako alianza wakati hakuna aliyekuwa anamwambia, wewe umeambiwa, nenda kamsalimie, shikamoo yake iko pale pale, ukitumwa ugoro mwambie mama amtume mtu mzima. Na alieleza vizuri kwamba ugoro hauna moshi ila una nikotini ile ile na unaleta kansa ya mdomo, kwa hiyo wasidhani wakihama kutoka sigara kwenda ugoro au kuberi wamepona.

Sasa somo la pakti, ndo lililonifanya niandike haya yote. Mwalimu alileta pakti tupu za sigara akawagawia, wakasoma onyo la afya, wakaiona ile stempu ya kielektroniki ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hizi zilizoanza 2019, akatoa simu yake akaifungua programu ya Hakiki Stempu wakaijaribu. Akawaeleza kwamba stempu ile maana yake ushuru wa bidhaa umeshashughulikiwa kabla pakti haijatoka kiwandani, ushuru ambao unahesabiwa kwa kila sigara elfu moja, sio kwa anayevuta. Halafu akauliza, nyie mkinunua ya moja moja pale kwenye sinia, hii pakti mnaiona? Darasa kimya. Hawaioni. Mtoto anapewa sigara tupu mkononi, onyo limebaki kwa muuza sinia. Mwanangu akanyoosha mkono akasema, kwa hiyo mwalimu onyo hatulipati ila kodi tunalipa. Jamani. Mtoto wa kidato cha pili. Na ni kweli kabisa, ile kodi iko ndani ya mia mbili au mia tatu anayotoa, mtoto ambaye kisheria hakutakiwa kuuziwa anaichangia serikali kila anapowasha, na darasa linalojaribu kumtoa huko halipati hata shilingi moja ya ile hela.

Maana hali ya hela pale ni mbaya, niseme wazi. Mwanzoni kulikuwa na mfadhili, mradi ukaisha akaondoka, ndo kawaida ya miradi. Sasa hivi wazazi tunachanga kidogo kidogo kwenye grupu la WhatsApp na kinachopungua walimu wanajaza mifukoni mwao, watu wenyewe hawana ajira. Projekta ni ya kuazima. Makaratasi ya mazoezi yametolewa kopi ya kopi mpaka herufi hazisomeki. Kilikuwepo kifaa cha kupulizia kinachoonyesha kiasi cha sumu ya moshi iliyo kwenye pumzi, kaboni monoksaidi, watoto walikuwa wanakipenda kuliko kitu chochote kwa sababu kinatoa namba hapo hapo na mvutaji hawezi kuidanganya, ila mirija yake ya mdomoni imeisha na kuna usafi wa kuzingatia, huwezi kupulizisha watoto wote kwenye mrija mmoja, basi kimewekwa kabatini. Na uji. Uji ulivyokatwa nilidhani ni jambo dogo, kumbe wale watoto wa kubeba ndoo walikuwa wanatoka mwaloni moja kwa moja na njaa, wanapata uji wanakaa. Uji umekatwa hawaji tena. Waliobaki wengi ni kama wanangu, wamekunywa chai nyumbani, wazazi wanawafuatilia. Darasa limewapoteza wale wale lililoanzishwa kwa ajili yao, na hapo ndo nyota yangu ya tano ilipoishia.

Sasa watu wataniambia serikali haiwezi kutenga kodi ya kitu fulani kwa kazi fulani, kodi zote zinaingia kapu moja. Sio kweli, tumeshazoea na tunaiona kila siku. Nunua umeme wa LUKU uangalie risiti, kuna asilimia 3 ya REA, ile inaenda kupeleka umeme vijijini na imeandikwa pale pale. Ukijaza mafuta kwenye bodaboda kuna tozo inaenda Mfuko wa Barabara. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kama mtumiaji wa umeme anaweza kumpelekea jirani yake wa kijijini nguzo, mvutaji anaweza kumlipia mtoto wa jirani asianze kuvuta. Tena hata kwa kidogo. Shilingi moja kwa kila sigara, pakti ya sigara 20 inaongezeka shilingi 20, mvutaji hawezi hata kuihisi, ila sigara milioni moja zikiuzwa zimezaa milioni moja, na darasa kama hili milioni moja linaenda mbali sana, uji, kopi, mirija na nauli za walimu.

Na wenzetu wamefanya kitambo. Jimbo la California kule Marekani wananchi walipiga kura Novemba 1988, wakapandisha kodi ya sigara kwa senti 25 kila pakti kuanzia Januari 1989, na wakaandika kwenye sheria yenyewe kwamba asilimia 20 ya hela hiyo ni ya elimu ya afya ya kuzuia tumbaku, mashuleni na kwenye jamii, pamoja na matangazo makubwa ya TV na redio. Kipindi kile zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano kule alikuwa anavuta, leo ni karibu mmoja kati ya kumi. Thailand 2001 walikuja na njia ambayo mimi naona inatufaa zaidi, hawakugusa ile kodi iliyokuwepo ambayo hazina inaitegemea, waliweka asilimia 2 ya ziada juu ya ushuru wa tumbaku na pombe, inaenda moja kwa moja kwenye mfuko wao wa kukuza afya, ThaiHealth. Na hapa ng'ambo ya ziwa tu, Kenya, kanuni zao za 2014 zinamtaka mtengenezaji na muagizaji wa tumbaku alipe mchango wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zake kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku. Kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilipinga kanuni zile mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 mahakama ikaikatalia. Kisumu na Mwanza tunavua ziwa moja, tunashindwa nini?

Ila hapa lazima niwe mkali. Kuandika asilimia kwenye sheria peke yake hakutoshi, inabidi iandikwe pia nani anaigusa na nani haruhusiwi. Hao hao California, mwaka 1992 gavana wao Pete Wilson alijaribu kusimamisha matangazo ya kupinga sigara ili hela ikazibe mapengo mengine ya bajeti, mpaka wakapelekana mahakamani ndo matangazo yakarudi. Sasa kama kule wananchi walipiga kura wenyewe na bado ikajaribiwa, huku kwetu hela ikiingia kapu kubwa na maneno matamu tu ya "itasaidia vijana" itaishia kwenye posho za warsha hotelini na mabango ya Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani kila Mei 31, na mtoto wa ndoo hataiona. Mimi nataka ishuke mpaka kwenye kata, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, kwamba robo hii darasa la Kirumba limepokea kiasi hiki, uji kiasi hiki. Ushuru wa gunia la dagaa pale sokoni tunaujua wote kwa senti, na huu tuujue.

Kuna baba mmoja mvuvi, mtu mzima ninayemheshimu, nilimweleza haya akaniambia, "Mama, mimi nakaa ziwani usiku kucha na baridi, mkipandisha bei mnanikandamiza mimi maskini, tajiri hatasikia kitu." Sikumdharau, ni hoja ya kweli, kodi ya sigara inamuuma asiye nacho. Nilimjibu, baba, na maradhi yake yanamuuma nani, anayelala wodini pale Bugando wakati mtumbwi umefungwa ni wewe, sio tajiri. Na bei ikipanda wa kwanza kuacha ni yule asiye na hela nyingi na asiyezoea bado, yaani mtoto. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kwenye nchi kama zetu bei ikipanda kwa asilimia 10 matumizi yanashuka kwa asilimia kama 5 hivi, na vijana wanashuka zaidi ya wazee. Akanyamaza, halafu akauliza kama darasa linapokea wajukuu. Linapokea.

Wengine watasema wakulima wa tumbaku wa Tabora, Urambo kule, wataishi vipi. Kikundi hiki hakimgusi mkulima, hakifungi shamba la mtu, kinamfundisha mtoto wa Kirumba kusema sitaki. Na wa hoja ya magendo nao wapo, kwamba kodi ikizidi zitaingia za mpakani zisizo na stempu, basi ndo kazi ya stempu na TRA hiyo, mbona kwenye pombe kali hawajaacha kutoza kwa sababu ya magendo. Mimi wasiwasi wangu ni mwingine, nao ni huu, programu ikifanikiwa wavutaji watapungua na hela ya mfuko itapungua nayo. California imewatokea, mapato ya ile senti 25 yalishuka jinsi sigara zilivyokuwa zinauzwa chache, ikabidi 2016 wapige kura nyingine waongeze dola 2 kwa pakti. Kwangu hiyo ni sababu ya kuipandisha kodi kidogo kila mwaka ili isiliwe na kupanda kwa bei za vitu, tena tuna nafasi maana WHO wanapendekeza kodi zote zifike angalau asilimia 75 ya bei ya dukani.

Nirudi kwenye darasa maana kuna mapungufu ambayo hayahitaji kodi yoyote. Wanachelewa kuanza, mkiambiwa saa tatu jueni ni saa tatu na nusu, na watoto wakikaa bila kazi wanatawanyika. Wavulana wanaongea mno, mabinti wanaachwa nyuma, nimewashauri wawape siku ya peke yao au dada mwalimu wa pili, kwa sababu shisha na vepu zinawafuata mabinti zaidi kuliko sigara na maswali yao hawayaulizi mbele ya wavulana. Choo cha shule wikendi kinafungwa, hili walimu waongee na mlinzi. Na somo la vepu bado jepesi, unasikia kabisa mwalimu anasoma karatasi, tofauti na la sigara ambalo analifundisha kwa moyo.

Ningempeleka mtoto tena? Ndiyo, na nimeshawaambia majirani zangu wote wa kibandani, hata yule dada wa sinia ambaye sasa hivi watoto wenye sare za shule hawauzii sigara, anawauzia karanga. Wanapokea muda wowote wa muhula, aje na daftari na kalamu, mchango ni hiari kwa asiye nao. Kwa wazazi wa Kirumba, Kitangiri na Pasiansi, diwani akiitisha mkutano msiende kuulizia taa za barabarani tu, ulizeni na hili, kwamba aibebe hoja ya tozo ya sigara kwenye vikao vyake na kwa mbunge kabla bajeti haijasomwa mwezi wa sita. Na mwenye uwezo wa unga wa uji, sukari au mkaa alete shuleni Ijumaa jioni amkabidhi mlinzi, aandike kwenye daftari lililopo getini, mpaka hapo hiyo tozo itakapopatikana ndo namna pekee ya kuwarudisha wale watoto wa ndoo.